Darasa la Mabuti

Mama Salma alinipigia simu mwezi uliopita kunialika kwake Pickering, nje kidogo ya Toronto, na kabla sijamaliza kuitikia salamu alikuwa ameshaanza kulalamika. Binti yake anamaliza sekondari mwaka huu, alisema, na nyumba nzima haina raha kwa maneno yake. Anabishana na baba yake kuhusu taarifa ya habari. Amemuuliza daktari wa meno alisomea wapi. Mwezi wa Ramadhani alimfuata shehe hadi kwenye gari lake kumuuliza aliyeuona mwezi aliuonaje ilhali anga la Toronto lilikuwa limefunga mawingu. "Na aliyenitia katika balaa hili ni wewe, Nasrin," Mama Salma akasema. "Kwa hiyo njoo ule pilau, na ukimaliza kula umchukue uondoke naye." Nyuma ya sauti yake nilisikia sauti nyingine ikiuliza ni nani huyo, kwa nini anasingiziwa, na ushahidi uko wapi. Nikacheka mpaka nikaegemea ukuta. Nilipokata simu nilibaki nimeishika, kwa sababu niliwahi kuishi majira mazima ya kuchipua nikiisubiri sauti ile iseme neno moja tu.

Mwaka huo nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya falsafa ambayo hakuna mtu Toronto nzima aliyekuwa akiihitaji. Habari za kwetu nitaziruka. Zinafanana na za familia nyingi za Wahindi waliotoka Dar es Salaam wakahamia Richmond Hill: duka, masomo, sala, na Kiswahili kinachotoka mtu anapopika au anapokasirika. Itoshe kusema kwamba nilipopata kazi ya muda ya msaidizi wa chekechea, katika shule moja ya upande wa Don Mills, mama yangu aliuliza kama miaka yote ile ya chuo ilikuwa ya kujifunza kufuta makamasi, nami nikamjibu kwamba hata hilo hawakunifundisha. Nilikusudia kukaa miezi michache huku nikitafuta kitu cha maana. Kitu chenyewe kilikuwa nini, sikujua. Nilikuwa mtu wa kuhoji kila kitu, na mtu wa namna hiyo hajui anachotafuta. Anajua tu kwamba kilicho mbele yake hakijamridhisha.

Darasa lilikuwa ghorofa ya chini, upande wa bustani. Kulifikia ulipita kwenye korido nyembamba yenye ndoano za makoti kila upande, na chini ya kila ndoano palikuwa na nafasi ya jozi moja ya mabuti ya mvua. Mwezi wa Machi korido ile ilinuka sufu iliyolowa, tope na maganda ya machungwa. Mwalimu aliitwa Doreen, mwanamke mwembamba wa kisiwa kimoja cha mashariki ya Kanada, mwenye nywele nyeupe na sauti ambayo haikupanda hata siku mtoto alipomwaga rangi ndani ya piano. Nilikuwa na maswali juu yake pia. Kwa nini watoto wapange foleni kwenda mahali ambapo mlango uko wazi? Kwa nini wimbo uleule kila asubuhi? Alinijibu mara ya kwanza, ya pili, halafu akaanza kunipa brashi nioshe.

Somo la kwanza la majira ya kuchipua lilikuwa ndoo ya theluji. Tulitoka nje tukakwangua theluji ya mwisho iliyobaki kando ya uzio, tukaijaza ndoo mpaka juu, tukaiweka karibu na kipasha joto. Kila mtoto alipewa karatasi yenye picha ya ndoo achore mstari kuonyesha maji yatafika wapi theluji ikiyeyuka. Karibu wote walichora juu kabisa. Baada ya chakula cha mchana tulikusanyika: maji yalikuwa kidogo, machafu, yamebeba mchanga, kipande cha sigara na uzi mwekundu wa glavu. Mtoto mmoja aitwaye Dev, ambaye hakuwahi kuliamini jambo mpaka aliguse, aliinama akaingiza kichwa chote ndani ya ndoo. Aliponyanyuka aliuliza, "Nani amekunywa?" Hakuna aliyecheka. Lilikuwa swali zuri, na Bi Doreen hakulijibu. Aliwaambia waendelee kutazama. Nilisimama pale na taulo mkononi nikafikiri kwamba kwa miaka yote ya chuo sikuwahi kukaa katika chumba chenye watu waliokuwa tayari kushangaa kiasi hicho.

Jioni, nikikusanya karatasi, niliona mstari mmoja uliochorwa chini kabisa ya ndoo, karibu na kitako. Ulikuwa wa Salma. Bi Doreen aliutazama akasema kwa huruma kwamba maskini, hakuelewa swali. Mimi niliiangalia ndoo, kisha karatasi, kisha ndoo. Mstari ulikuwa mahali pake.

Salma alikuwa na miaka mitano na hakuwa amesema neno lolote darasani tangu Septemba. Hakulia, hakusumbua, hakumpiga mtu. Aliketi kwenye zulia amekunja miguu, mikono mapajani, macho kwa mwalimu. Akitaka kwenda chooni alisimama mlangoni akasubiri. Wenzake walishamzoea, walimfungia zipu, walimshikia nafasi kwenye foleni, wakamsemea kwamba Salma anataka rangi ya kijani. Na sisi watu wazima tulifanya kile wanachofanya watu wazima mbele ya asiyesema: tuliongea kana kwamba hayupo. Kwenye sinki, nikiosha vikombe vya rangi, Bi Doreen alinieleza kwamba ameshazungumza na mkuu wa shule. Kulikuwa na darasa maalumu la watoto wenye shida ya lugha, katika shule nyingine mbali, watoto wachache, wataalamu wazuri, na basi la njano lingemchukua kila asubuhi. Kikao cha kuamua kingekuwa mwishoni mwa Mei. Alisema mtoto hana maneno, na kila mwaka unaopita bila maneno ni mwaka uliopotea. Nikamuuliza amejuaje kwamba hana maneno. Hilo ndilo lilikuwa neno langu mwaka ule, umejuaje, nililitumia kwa wakubwa na wadogo. Dev aliponiambia kwamba nyungunyungu aliyemshika ana huzuni nilimuuliza amejuaje, akasema ni kwa sababu hana uso. Bi Doreen hakuwa na jibu zuri kama hilo. Alisema kwamba amefundisha tangu kabla mimi sijazaliwa, akakausha mikono, na hakukasirika.

Wazazi walikuja Aprili, jioni, kuketi kwenye vile viti vidogo magoti yakiwafika kifuani. Mama Salma alikuja na koti la kiwanda cha mikate alikofanya kazi usiku. Nilimwamkia, "Shikamoo, dada," akasimama katikati ya chumba na begi lake, akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema marahaba, kisha akaniuliza kama mimi ni wa Dar au wa Tanga. Nilipojibu aliketi kama mtu aliyefika kwa ndugu. Bi Doreen akaanza, na walimu wa huku wana desturi: jambo baya hulifunika kwa sifa kama dawa inavyofunikwa kwa sukari. Alisema Salma ni mtoto mwema. Alisema ana subira. Kisha, akiinamisha kichwa, akasema kwamba Salma ni mkimya sana darasani, mkimya kweli. Mama Salma akatabasamu mpaka macho yakafumba. Akashukuru. Bi Doreen akanitazama, akarudia kwa upole zaidi, na kwa kuwa alirudia kwa upole zaidi sifa ikaonekana kubwa zaidi. Mama Salma akaweka mkono kifuani akashukuru tena. Nikatambua kwamba jambo hili lilikuwa limetokea hivihivi mwezi wa Novemba, na tena mwezi wa Februari, na kwamba kila mara mama huyu aliondoka shuleni akiwa na furaha.

Nikageukia Kiswahili. "Dada, hasifiwi. Wana wasiwasi. Hajasema neno tangu Septemba."

Tabasamu lilikuwa bado usoni, halikujua pa kwenda. "Lakini mimi ndiye niliyemwambia," akasema. "Siku ya kwanza, hapo mlangoni. Nilimwambia, darasani anayesema ni mwalimu, wewe unasikiliza. Usinitie aibu." Akayatazama madawati madogo, michoro ya ndoo ukutani, rafu ya vitabu, kana kwamba kimojawapo kingemuunga mkono. Nilipomweleza habari ya darasa maalumu na basi aliniuliza polepole, akitaka jibu kweli: "Kwa hiyo adabu huku ni ugonjwa?"

Nilimtafsiria Bi Doreen neno kwa neno, bila sukari. Alivua miwani. Alisema hapana, si ugonjwa. Nimelifikiria swali lile miaka mingi. Nililelewa katika nyumba ambayo mtoto hakuingilia maneno ya wakubwa, na nikasoma katika shule ambazo mtoto asiyeingilia alionekana hana akili, na nikadhani nimechagua upande. Mama Salma alinionyesha kwamba sikuwa nimechagua. Nilikuwa nimebadilisha tu ninaowatii.

Asubuhi iliyofuata alimleta binti yake mwenyewe. Alichuchumaa koridoni kati ya mabuti, akamshika mabega, akamwambia kwamba lile neno la siku ya kwanza amelifuta, sasa ruksa, aongee, aulize, aimbe, mama hatakasirika. Salma aliitikia kwa kichwa. Aliingia darasani, akakunja miguu, akaweka mikono mapajani, na hakusema neno siku ile, wala wiki ile, wala iliyofuata. Nilikuwa nimepata sababu nikadhani nimepata dawa. Nilikasirika, na kibaya zaidi nilimkasirikia mtoto, kana kwamba alikuwa ananiharibia hoja. Wakati huo tulikuwa tumeotesha maharage ndani ya mifuko ya plastiki yenye karatasi iliyolowa, tumeyabandika dirishani. Dev alifungua wake kila siku kuangalia kama mzizi umetoka, akalivunja harage lake, akaanza jingine, akalivunja na hilo. Bi Doreen alimpa la tatu bila kumkemea, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mayai yalikuja mwishoni mwa Aprili, kutoka shamba moja la kaskazini, pamoja na mashine ya kutotolea. Baada ya siku kadhaa tuliingia wachache wachache katika stoo ya vifaa, tukazima taa, tukaliweka yai juu ya tochi. Ndani palikuwa na wekundu, mishipa myembamba kama mito kwenye ramani, na doa jeusi lililoruka. Watoto waliacha kupumua. Salma alisogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa ganda. Tulipotoka nilimuuliza Bi Doreen, kwenye sinki kama kawaida, vifaranga watapelekwa wapi wakikua. Akasema watarudi shambani, wataishi vizuri. Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Nasrin, mengine tunayaacha." Nikaona ni jibu la kukwepa, nikamwambia hivyo. Hatukugeuka nyuma. Kama tungegeuka tungemwona Salma kwenye foleni ya kunawa mikono.

Jumamosi moja Mama Salma alinialika nyumbani kwao. Sheria za kazi hazikupenda mambo hayo. Nilizihoji nazo, nikaenda. Walikaa ghorofa ya juu katika jengo refu ambalo kila mlango wa korido ulikuwa na harufu yake, hapa bizari, pale samaki, pale sabuni ya kufulia. Jikoni palikuwa padogo, dirisha limeshika mvuke. Alikuwa amepika mbaazi za nazi na mahamri, na alinieleza kwa uchungu wa kweli kwamba nazi ya kopo haina roho, lazima uipe tui la pili la uongo kwa kuongeza maziwa. Nilikula mahamri mpaka nikaona haya. Alizungumza kuhusu kikao. Alisema mumewe anaona kama shule imeamua basi imeamua, wao ndio wanaojua. Yeye haoni hivyo, lakini hajui aseme nini, kwa Kiingereza chake cha kiwandani, mbele ya watu wenye mafaili. Wakati anasema hayo nilisikia sauti chumba cha pili.

Ilikuwa sauti ya Bi Doreen. Upole uleule, ile namna yake ya kuvuta pumzi kabla ya jambo zito. Ilisema kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba mbegu inahitaji maji, joto na hewa, na kwamba si kila mbegu huamka siku moja. Nilisimama na hamri mkononi nikaenda mlangoni. Salma alikuwa amenipa mgongo. Mbele yake alikuwa amepanga safu za viatu vyote vya nyumba hiyo: mabuti ya theluji, makubazi ya baba yake, viatu vya kiwandani vya mama, na mwishoni mdogo wake Idi, wa miaka mitatu, amekaa kati ya viatu kama mwanafunzi wa kawaida. Salma aliuliza safu ya mbele swali, akajibiwa na buti moja kwa sauti ya Dev, akaligeukia kwa sauti ya tatu, kavu, yenye haraka: umejuaje? Nikajitambua. Sikuwa nimejua kwamba nasikika hivyo.

Kisha akalitoa buti moja la mvua, la bluu, ambalo mwenzake alipotea zamani, akaliweka peke yake karibu na mlango, hatua moja kutoka nilipokuwa. Kwa sauti ya Bi Doreen akawaeleza wengine kwamba huyu ataondoka kwa basi la njano, aende shule nyingine, kwa sababu hana maneno. Akawaomba wamuage. Idi akapunga mkono.

Nyuma yangu Mama Salma alikuwa anafuta mikono kwenye kanga. "Anacheza shule kila siku," akasema. "Kwani huko kwenu hafanyi hivi?" Hakuwa ameelewa habari ya buti. Nilimrudisha jikoni nikamweleza. Alikaa chini. Nilimwambia tuchukue simu tumrekodi, wataalamu wasikie, mambo yaishe leo. Niliona ni jambo la wazi kabisa. Alikataa kabla sijamaliza. Alisema mwanawe hajaiba kitu hata ashikwe kwa ushahidi akiwa hajui. "Atasema hukohuko," akasema. "Mbele yao. Na wewe utanisaidia." Hakuuliza kama nitaweza. Alinisogezea sahani.

Jumatatu nilimweleza Bi Doreen. Aliniamini, na rangi ilimtoka niliposimulia habari ya buti la bluu, lakini alisema ukweli: kikao kitauliza anafanya nini shuleni, si nyumbani. Basi nilianza na kile nilichokuwa nacho. Mama Salma alitoka kazini alfajiri, kwa hiyo tulikubaliana amlete mapema kabla ya kengele, na kila asubuhi niliketi koridoni na Salma, kati ya makoti, tukipanga mabuti yaliyoachwa shuleni kwa siku za tope. Siku za kwanza nilipanga mimi, yeye akatazama. Nilipanga vibaya makusudi, kushoto kulia kulia kushoto, na siku moja akainama akayarekebisha. Nilijifanya nina kazi ya kufunga kamba za viatu vyangu. Baadaye nikasikia mnong'ono. Aliyaambia mabuti yakae vizuri. Sikugeuka, sikumsifu, sikuuliza kitu, na kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko tasnifu yoyote. Nilikuwa sina uhakika wa jambo lolote mwaka ule, wala dini, wala kazi, wala kama darasa maalumu lingekuwa baya hivyo. Lakini nilikuwa nimeamua kwamba mtoto huyu hataondoka kwa basi kwa sababu ambayo si ya kweli. Kila asubuhi niliamka nikiwa nimeamua upya.

Dev akatugundua. Alikuja mapema siku moja, akaona safu, akaketi mwishoni mwa mabuti bila kuuliza. Salma akanyamaza, nami nikaona kazi yote inamwagika. Dev akangoja. Akangoja vile alivyoshindwa kuyangojea maharage. Mwishowe Salma akamnyooshea kidole akamwambia, kwa sauti ya Bi Doreen, kwamba hapa hatukai na kofia. Dev akaivua. Tangu siku hiyo mabuti yalipata wenzao wawili watatu, na korido ilikuwa na sauti. Lakini kengele ikilia, Salma akifika kwenye kizingiti, sauti ilibaki nje pamoja na viatu. Nilijaribu kuleta mabuti ndani, akayarudisha. Mei ilikuwa inaisha. Vifaranga walikuwa wameshatotolewa, mmoja alikufa, tukamzika karibu na uzio, na waliobaki walikuwa wameanza kutoa manyoya na kunuka.

Kikao kilipangwa Ijumaa. Jumatano gari la shamba lilikuja kuwachukua vifaranga. Bi Doreen aliwakalisha watoto kwenye zulia, sanduku la matundu katikati yao, akasema kwa sauti ileile kwamba rafiki zetu wanarudi shambani, na huko wataishi vizuri. Watoto wakaanza kupunga mikono.

"Umejuaje?"

Haikuwa sauti yangu, ingawa ilikuwa kavu na yenye haraka. Bi Doreen alinitazama kwanza mimi, kwa mazoea. Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha, mdomo umefungwa. Dev alikuwa wa kwanza kuelewa. Aligeuka akamwambia Salma kwa mshangao kwamba amesema ndani. Mtu mwingine angepiga makofi. Namshukuru Bi Doreen mpaka leo kwamba hakupiga, hakusifu, hakuita mtu kuja kuona. Alilichukua swali kama swali. Alikaa chini kwenye zulia, magoti yake yakilia, akasema kwamba hajui, ameambiwa tu, na hajawahi kuuliza kwa miaka yote hiyo.

"Tumuulize mwenye shamba," Salma akasema.

Tukatoka wote, bila foleni. Mwenye shamba alikuwa msichana wa umri wangu, amevaa kofia, ameegemea gari. Bi Doreen alimwambia kwamba kuna mwanafunzi mwenye swali, kisha akarudi nyuma hatua moja. Salma alisimama mbele ya yule msichana akiwa na soksi tu miguuni, kwa kuwa hatukukumbuka viatu. Alinyamaza kwa muda ambao nilidhani hautaisha. Nilikuwa na maneno yote tayari kumsaidia, nikayameza. Kisha akauliza ni yupi kati yao ataliwa.

Msichana akamtazama Bi Doreen, Bi Doreen akaitikia kwa kichwa kumruhusu. Akasema mitetea watabaki watage mayai. Majogoo, wengi wao, wataliwa. Watoto wawili wakaanza kulia. Dev akauliza majogoo ni wepi, na msichana akafungua sanduku akatazama, akasema kwa wadogo hivi bado hajui, ni mapema mno kusema. Salma alitazama ndani ya sanduku muda mrefu. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu lisilomfurahisha ila ni jibu.

Alhamisi wazazi kadhaa walipiga simu kulalamika, na Bi Doreen alizipokea zote mwenyewe. Ijumaa alizungumza wa kwanza kikaoni, na hakuanza kwa sifa. Alisema yeye ndiye aliyeomba darasa maalumu, alikosea, na anaomba mtoto huyu aende darasa la kwanza na wenzake. Mtaalamu aliuliza mengi. Wakaafikiana abaki, awe akionwa mara kwa mara. Mama Salma alisikiliza yote akiwa amevaa koti lake la kiwandani, na alipoulizwa kama ana la kusema aliniomba nitafsiri: kwamba mtoto wake ana adabu, na sasa ana maneno pia, na haoni kwa nini achague. Septemba ile nilirudi shule, kusomea ualimu wa chekechea. Sasa nina darasa langu mwenyewe, na kila Machi najaza ndoo ya theluji.

Pilau ya Pickering ilikuwa ya ng'ombe, nyingi, na kachumbari kali. Bi Doreen alitajwa, aliyefariki majira ya baridi yaliyopita, na Mama Salma akamsomea Fatiha akiwa ameshika mwiko, bila kuuliza kama inafaa. Salma alikuja kukaa kando yangu na sahani yake. Ni mrefu kuliko mimi. Alinieleza kwamba anakumbuka korido, harufu yake, na mabuti, na kwamba alikuwa na swali la muda mrefu. Asubuhi zote zile, nilipokuwa nakaa sakafuni nikifunga na kufungua kamba zilezile za viatu, nilijuaje kwamba atasema?

"Sikujua," nikamwambia.

Alinikazia macho, yale macho ya kwenye zulia, akipima kama ni jibu la kukwepa. Mama yake akapaza sauti kutoka jikoni kwamba amwache mgeni ale. Salma hakuniacha. Alisogeza kiti karibu, akaniuliza la pili.